Lam-ang ni wa nani? Kipofu wa Bantay na utenzi anaopewa

Muulize Mfilipino yeyote aliyepita shule nani alitunga Biag ni Lam-ang, utenzi mashuhuri wa Wailokano wa kaskazini mwa Ufilipino, na jibu litakuja kabla hujamaliza swali: Pedro Bucaneg. Kipofu wa Bantay, baba wa fasihi ya Kiilokano. Waswahili walioko Muscat, Doha na Dubai, wanaofanya kazi na Wafilipino kutwa kucha, huenda wameshalisikia jina hilo likitajwa kwa fahari. Muulize sasa swali la pili: umejuaje? Hapo ndipo watu huanza kutazamana. Mmoja atasema imeandikwa kwenye kitabu cha shule. Mwingine, aliyesoma fasihi chuoni, atamkatiza kwamba Lam-ang ni hadithi ya mapokeo na haina mtunzi, basi. Mabishano huendelea mpaka chai ipoe, na tatizo ni kwamba wote wawili wanajibu maswali tofauti wakidhani ni moja.

Tuyafungue mafundo moja moja, tukianza na majina.

Ilocos ni ukanda wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Luzon, kisiwa kikubwa kuliko vyote nchini Ufilipino. Wenyeji wake ni Wailokano na lugha yao ni Kiilokano. Wengi huiita lahaja ya Kitagalog, na hilo ni kosa la kutupa mapema: Kiilokano ni lahaja ya Kitagalog kama Kizulu kilivyo lahaja ya Kiswahili. Ni ndugu wa ukoo mmoja, ila kila mmoja ana nyumba yake na hawasikilizani. Ukoo wenyewe, kwa taarifa tu, ni uleule wa Kimalagasi. Mwilokano akihesabu tatu, tano, saba na nane husema tallo, lima, pito, walo. Mmalagasi husema telo, dimy, fito, valo. Bahari yote ya Hindi iko katikati yao, na hesabu haijapotea.

Bantay ni mji mdogo katika mkoa wa Ilocos Sur, jirani wa mlango kwa mlango na Vigan, ule mji wa mawe ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 1999. Kwa Kiilokano, bantay ni mlima. Kwa Kitagalog, neno hilohilo ni mlinzi. Sasa juu ya kilima cha Bantay pana mnara wa kengele ambao ujenzi wake huhesabiwa tangu mwaka 1591, na zamani ulitumika pia kuchungulia maadui. Mgeni mwenye Kitagalog chake huuona mnara, husikia jina la mji, akaondoka ameridhika kwamba mji uliitwa hivyo kwa sababu ya ulinzi. Maelezo matamu kabisa, isipokuwa mji ni wa Wailokano na neno ni lao. Nimeanza na mfano huu makusudi. Mambo ya Bantay mara nyingi huenda hivi: maelezo yanayoingia akilini upesi hutangulia, ushahidi huja nyuma ukichechemea.

Na biag? Ni maisha. Biag ni Lam-ang ni Maisha ya Lam-ang.

Kisa chenyewe kitawakumbusha wengi simulizi za nyumbani. Lam-ang anazaliwa baba yake, Don Juan, akiwa hayupo, amekwenda kupigana milimani. Kitoto kinatoka tumboni kikisema, kinajichagulia jina chenyewe, kisha kinamuuliza mama yake, Namongan, baba yuko wapi. Akiwa na miezi tisa tu anakwenda kumtafuta, anakuta ameuawa, na anawafyeka wauaji karibu wote. Anaporudi anaoga katika mto Amburayan, mto ambao upo kweli mpaka leo, na uchafu wa mwili wake unaua samaki. Halafu anakwenda kumposa Ines Kannoyan akiwa na jogoo na mbwa. Jogoo anapiga mabawa, nyumba inaanguka. Mbwa anabweka, nyumba inasimama tena. Ukweni hapo nani atakataa posa? Baada ya harusi anazamia baharini kutafuta rarang, kiumbe wa baharini, anamezwa na samaki mkubwa aitwaye berkakan, mifupa yake inaokotwa, na jogoo na mbwa wanashiriki kumrudishia uhai.

Hadithi hiyo haikuanza maisha yake kitabuni. Iliimbwa. Wailokano wana namna ya kughani iitwayo dal-lot, ambayo husikika harusini na kwenye ubatizo, mwimbaji akitunga papo hapo juu ya mahadhi yanayojulikana. Msomaji wa pwani asihangaike kutafuta mfano. Afikirie nyimbo za vugo. Wimbo ni uleule uliowaozesha bibi zetu, lakini leo jina la bibi harusi limebadilishwa, beti mbili za kuwachokoza wakwe zimeongezwa, na ule ubeti mrefu umeachwa kwa sababu aliyeukumbuka vizuri alifariki mwaka jana. Sasa niambie: wimbo huo nani ameutunga? Swali si la kipumbavu. Ila haliwezi kujibiwa kwa jina moja.

Kiswahili hapa kinatufaa, kwa kuwa tuna maneno manne ambayo wenzetu wengi hulazimika kuyabana katika neno moja la "mwandishi". Yuko mtunzi, aliyeyatoa maneno moyoni mwake. Yuko mghani, anayeyapeleka mbele za watu na mara nyingi huyapunguza au kuyaongeza. Yuko mnakili, anayeyatia kwenye karatasi. Na yuko mchapishaji. Mtu mmoja anaweza kuwa wote wanne, lakini si lazima.

Kwa Lam-ang, wawili wa mwisho tunawajua vizuri. Mwaka 1889 padre Gerardo Blanco, paroko wa Bangar katika mkoa wa La Union, kusini ya Bantay, alikuwa na utenzi huo kwa maandishi akamkabidhi Isabelo de los Reyes. Huyu alikuwa mwandishi wa habari mzaliwa wa Vigan, mwana wa Leona Florentino, mshairi mwanamke ambaye sanamu yake imesimama mjini hapo. Isabelo alikuwa na gazeti lake, El Ilocano, na humo akaanza kuuchapa utenzi pamoja na tafsiri ya Kihispania, tangu Desemba 1889 mpaka Februari 1890. Baadaye yakajitokeza matoleo mengine, yakitofautiana kwa urefu, kwa majina na hata kwa matukio. Mwaka 1935 msomi Leopoldo Yabes akachukua matoleo yaliyokuwapo akayaunganisha kuwa moja. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma Lam-ang leo huenda anasoma kitu ambacho hakuna mghani hata mmoja aliyewahi kukiimba hivyo kilivyo.

Bucaneg husemwa alizaliwa mwaka 1592. Kutoka siku zake mpaka gazeti la Isabelo ni zaidi ya miaka 250, na katika muda wote huo hapana karatasi yenye Lam-ang na jina lake pamoja.

Miaka hiyo ni mingi kiasi gani? Mfano wa kwetu utasaidia. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na mashairi yake mengi yangepotelea hewani. Yaliokolewa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya kwa wazee waliokuwa bado wanayakumbuka, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Tunaposema shairi fulani ni la Muyaka tunategemea kumbukumbu za watu waliomwona Muyaka kwa macho, au wana wa waliomwona. Ni umri wa mtu mmoja. Hata hivyo yapo mashairi katika diwani yake ambayo wataalamu bado wanayatilia shaka. Zidisha umbali huo mara tano au sita, ondoa Mwalimu Sikujua, ondoa wazee, ndipo umefika kwenye dai la Bucaneg na Lam-ang.

Wengine hujitetea kwa kusema: mbona ndani ya utenzi mna "Don Juan", "Ines" na ndoa ya kanisani? Si dalili kwamba ulitungwa na Mkristo wa zama za Wahispania, kama Bucaneg? Wapinzani wao huyatazama majina hayohayo wakasema ni viraka, vilivyoshonwa baadaye kwenye nguo ya kale. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakibebesha kitu chepesi mzigo mzito. Majina ya Kihispania yanathibitisha jambo moja tu, kwamba toleo lililotufikia lilipitia mdomoni mwa watu waliokwisha kuishi na Wahispania. Lini, hayasemi. Tenzi zetu nyingi hufunga kwa mtunzi kujitaja jina, kabila na mwaka wa kutunga, tena kwa mbwembwe. Lam-ang haina kaditama ya namna hiyo.

Tumgeukie sasa mtu mwenyewe, na hapa lazima twende polepole, kwani maisha ya Bucaneg nayo yametufikia kwa njia ileile ya masimulizi.

Inasimuliwa kwamba mwanamke mzee aliyekuwa akifua nguo mtoni, kati ya Bantay na Vigan, aliona kikapu kikielea. Ndani mlikuwa na mtoto mchanga wa kiume, kipofu. Akampeleka kwa mapadre wa shirika la Mtakatifu Augustino pale Bantay, nao wakambatiza Pedro na kumlea. Akakua akijua Kilatini na Kihispania pamoja na Kiilokano, akawa mhubiri, mwanamuziki na mtu wa kutafutwa kwa ushauri.

Msomaji, kikapu hicho umeshakiona mahali. Ni kikapu cha Musa. Sisemi kisa ni cha uongo. Watoto wamewahi kutupwa mitoni, na watoto wenye ulemavu ndio waliotupwa zaidi. Lakini jamii inapomsimulia mtu kwa umbo la nabii, inatuambia zaidi jinsi ilivyompenda kuliko jinsi alivyozaliwa.

Jina lake nalo lina kisa. Wapo wanaolieleza kuwa ni mkato wa maneno ya Kiilokano yenye maana ya Mitneg aliyebatizwa. Waitneg ni watu wa milima ya Abra, upande wa bara. Chukua maelezo hayo mkono mmoja, na mkono wa pili chukua dai kwamba ndiye aliyetunga Lam-ang. Utenzi huo, kumbuka, unashangilia kijana wa bondeni anayewachinja watu wa milimani. Wanaitwa Waigorot humo, jina la jumla walilopewa watu wengi wa milima ya Luzon. Je, mtoto wa milimani angetunga hivyo? Inawezekana, walioacha dini na kabila mara nyingi ndio wanaosema kwa ukali zaidi. Ila yanashangaza mapokeo yanayotaka mambo yote mawili yawe kweli bila hata kusita kidogo.

Basi Bucaneg abaki na nini? Abaki na jambo ambalo, nikiulizwa mimi, lina uzito kuliko utenzi anaopewa, na ambalo kwa bahati mbaya halivutii kwenye maigizo ya shule.

Mwaka 1621 kilichapwa Manila kitabu cha kwanza cha Kiilokano: mafundisho ya dini ya kadinali Bellarmino, yaliyofasiriwa na padre Francisco López. Jina la mfasiri ni la López. Mapokeo husema mdomo uliokuwa nyuma yake, uliompa maneno na kumwonyesha Kiilokano kinavyosema jambo, ni wa Bucaneg. Miaka 6 baadaye ikatoka sarufi ya Kiilokano, ya López vilevile. Dai hili la ushirikiano, tofauti na la Lam-ang, lina mahali pa kukaa: mtu, mji, shirika na miaka vinakutana. Padre wa kigeni hawezi kuamka asubuhi akafasiri katekisimu nzima kwa lugha ya watu bila mwenyeji mahiri kando yake.

Kitabu hicho kina kituko kidogo ninachokipenda. Wafilipino wa zama hizo walikuwa na maandishi yao wenyewe, baybayin, ambamo kila herufi ni silabi nzima: ba, ta, na, ma. Konsonanti inayofunga silabi haikuwa na namna ya kuandikwa, kwa hiyo iliachwa tu na msomaji akaijaza mwenyewe. Kwa Kiswahili, chenye kufunga silabi kwa irabu, maandishi hayo yangetufaa sana. Kwa Kiilokano ilikuwa taabu. Chukua jina la mji wetu, Bantay. Ondoa n, ondoa y ya mwisho, zinabaki silabi mbili: ba, ta. Mji mzima, na mnara wake, na kanisa lake, kwenye karatasi ulisomeka bata.

López akabuni dawa. Aliweka msalaba mdogo chini ya herufi, kuonyesha kwamba irabu yake imeuawa na konsonanti ibaki peke yake. Ni kazi ya namna ileile aliyoifanya Mwalimu Sikujua, miaka zaidi ya 250 baadaye, alipoongeza alama kwenye herufi za Kiarabu ili zibebe sauti za Kiswahili zisizokuwamo. Ajabu ni kwamba msalaba wa López haukupendwa. Watumiaji wa baybayin waliona maandishi yao yalikuwa yanatosha siku zote. Leo vijana Wafilipino wanaoyafufua maandishi hayo kwenye fulana na chale huutumia msalaba huo kila siku, au ndugu zake waliobuniwa baadaye.

Ningeongeza, kabla sijalaumiwa, kwamba kazi hii ilikuwa ya ukoloni waziwazi. Kitabu kilichapwa ili kuwabadili watu dini, na mwenyeji aliyetoa lugha hakupewa jalada. Hilo nalo ni sehemu ya urithi.

Iko njia nyingine jina la Bucaneg lilivyobaki hai, na hii haihitaji ushahidi wa karne ya 17. Tarehe 6 Aprili 1924, Manila, washairi wa Kitagalog walisimama jukwaani wakajibizana kwa mashairi, na mashindano hayo yakaitwa balagtasan, kwa heshima ya mshairi wao Francisco Balagtas. Wenyeji wa Pampanga nao wakaunda yao, crissotan, kwa jina la mshairi wao Juan Crisostomo Soto. Wailokano wangekaa kimya? Wakamchukua kipofu wa Bantay, wakaita yao bukanegan. Malenga wawili hupewa hoja, kila mmoja upande wake, wakachapana kwa vina mbele ya hadhira. Aliyezoea majibizano ya washairi kwenye magazeti yetu, au aliyesoma Muyaka alivyorushiana maneno na malenga wa Lamu, atajisikia yuko nyumbani.

Nadhani hapa ndipo penye chanzo cha mkanganyiko wote. Kila taifa dogo ndani ya taifa kubwa lilitaka baba wa fasihi. Watagalog walikuwa na Balagtas, ambaye kazi zake zina jina lake juu. Wailokano walikuwa na utenzi mkubwa usio na jina, na jina kubwa lisilo na utenzi. Kuvioza viwili hivyo kulikuwa rahisi mno, na vitabu vya shule vikafungisha ndoa.

Sisi tumewahi kuponea chupuchupu mtego huohuo. Fumo Liyongo ni shujaa, na yapo mashairi ya kale anayohesabiwa kuyatunga. Lakini utenzi wake unaosomwa shuleni ulitungwa na Muhammad Kijuma wa Lamu, mwaka 1913. Kabla ya hapo Sayyid Abdallah bin Nasir wa Pate alikwisha kuchukua mistari iliyohesabiwa ya Liyongo, akaongeza yake mitatu mitatu, ikawa takhmisa. Shujaa, mshairi wa kale, mwenye takhmisa na mwenye utenzi: watu tofauti, kila mmoja ana haki yake, na Lamu haijapungukiwa kitu kwa kuwatenganisha.

Ukifika Bantay leo, wageni wengi utawakuta wamevuka tu kutoka Vigan kuja kupiga picha mnarani. Wailokano wenyewe huja zaidi kwa ajili ya kanisa la Mtakatifu Augustino, lenye sanamu ya Mama wa Mapendo wanayoiheshimu eneo zima. Tarehe 27 Julai 2022 tetemeko la ukubwa wa 7.0 lililoanzia Abra liliutikisa mnara ule, matofali yake yakaporomoka, na video zikasambaa duniani siku hiyohiyo. Jina la Bucaneg lenyewe limesambaa mbali na mji: liko kwenye mtaa karibu na Kituo cha Utamaduni huko Manila, na liko kwenye tuzo inayotolewa na GUMIL, chama cha waandishi wa Kiilokano kilichoanzishwa 1968. Na kuna Bannawag, jarida la Kiilokano lililoanza 1934, ambalo jina lake ni alfajiri, na ambalo limewalea washairi wengi kuliko shule yoyote.

Kwa hiyo mwenzako Mfilipino akikuambia tena kazini kwamba Lam-ang ni ya Bucaneg, usimvunje moyo. Mtoto wake akiulizwa kwenye mtihani aandike hivyohivyo, achukue alama zake. Jioni, wakiwa wanapiga simu nyumbani, amwombe bibi yake aimbe kidogo dal-lot, kisha amuulize bibi nani alimfundisha, na huyo aliyemfundisha alifundishwa na nani.